Futi Yenye Ncha Nyeusi

Kwa Muuguzi, ghorofa ya nne
Jumatano, 4 Juni

Mama watoto,

Salamu kwanza, lawama baadaye. U hali gani? Goti linasemaje? Mimi mzima, ila kiuno kinanikumbusha kila shimo nililopita, na yalikuwa mengi. Gari nalo halijambo. Limechemsha mara moja tu, kwenye ule mlima mrefu, nikalipa maji na nusu saa ya kupumua, likatulia.

Sasa lawama. Mwanamke gani anamtoa mumewe nyumbani baada ya miaka thelathini na tisa ya ndoa, anamkabidhi futi ya kushonea akawapime watoto, badala ya chakula cha njiani, halafu anamwambia asipige simu, aandike barua? Najua utakachosema. Utasema kwenye simu mimi nasema "nimefika, wazima, haya," halafu nakata. Ni kweli. Lakini mtu akishasema amefika na ni mzima, kimebaki nini? Haya, naandika. Dereva wa basi la asubuhi, yule mwenye kofia, ameniambia mlishapatana kwamba atakuwa anabeba barua zetu na kuziacha dukani kwa jirani. Kumbe ulipanga kila kitu, mimi nikabaki kuambiwa niwashe gari.

Nimeendesha siku mbili. Unajua mimi siangalii mandhari, naangalia milango. Kwenye miji midogo milango bado ni ya mbao, mingine imepinda kwa mvua, lakini ni mbao. Kadiri barabara inavyopanuka ndivyo mbao zinavyopungua. Linaanza geti la chuma, halafu dirisha la aluminiamu, na ukifika huku mjini ni kioo kitupu. Nilimfuata Muuguzi kazini kwake nikasimama mbele ya mlango natafuta kitasa, ukafunguka wenyewe. Nikarudi nyuma, ukajifunga. Nikasogea tena. Nilifanya hivyo mara tatu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea, mzee. Nikamwambia sijapotea, nakagua kazi.

Binti yako hajambo. Amenenepa kidogo, usimwambie nimesema. Wiki hii yuko zamu ya usiku, kwa hiyo mchana analala na mimi natembea humu ndani kwa ncha za vidole kama mwizi. Jana nilishindwa kuvumilia. Mlango wa kabati la jikoni ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja, nikachukua nyundo nikaupiga taratibu. Akatoka chumbani macho mekundu, nikajua nimeharibu. Akasema, "Baba, nimesikia nyundo usingizini nikadhani niko nyumbani." Akakaa kwenye kiti akaniangalia mpaka nikamaliza, kama alivyokuwa akifanya zamani.

Vipimo vyake hivi hapa: bega 17, kifua 40, kiuno 36, nyonga 44, urefu wa gauni 46. Vya mumewe na watoto nimeviandika kwenye karatasi ya pili.

Kesho kutwa naelekea kwa mwanao Kinyozi. Kutoka hapo nageuza gari, narudi nyumbani. Kwa kitindamimba wako sifiki. Nasema mapema ili tusije tukabishana kwenye karatasi. Kitinda anajua nyumba yetu ilipo. Miaka saba sasa, na haijahama.

Mumeo,
Fundi


Nyumbani
Jumamosi, 7 Juni

Fundi wangu,

Barua imefika ikinuka dizeli, na nimefurahi kuliko nitakavyokubali. U mzima kweli? Kiuno usikichezee, kila saa mbili simama unyooshe miguu. Hapa wote hatujambo. Goti linaendelea, nalipumzisha. Karakana yako nimeifagia, paka amehamia kwenye takataka za randa na sijaweza kumtoa.

Kurasa mbili nzima, mwanamume wa maneno mawili! Nimeisoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, jirani akauliza nina mgeni gani. Hayo ya mlango wa kioo nimecheka hadi nikajichoma sindano.

Vipimo nimevipata. Nimetoa mbili kila mahali kama kawaida yangu na gauni la Muuguzi nimeshalikata. Lile jora la buluu nililolificha sandukuni linatosha watu wote wa nyumba hii, nimelipigia hesabu: wewe, mimi, Muuguzi na watu wake, Kinyozi, na Kitinda. Nikikata bila Kitinda kitambaa kitabaki, na kila nikifungua sanduku kitakuwa kinaniangalia.

Usiniambie nyumba haijahama. Nyumba haina miguu. Wewe unayo miwili, na gari juu yake.

Sijawahi kukuandikia haya, na mdomoni hayatoki, maana nikianza tu wewe unakwenda kunoa patasi. Siku ile kwa Mwalimu, yule mteja wako, mimi sikuwepo, lakini mji mzima ulinisimulia. Kabati alilotengeneza Kitinda halikuingia kwenye kona ya chumba. Ukachukua msumeno ukalikata vipande viwili uani mwa watu. Akakwambia, "Nimefuata namba yako, Baba." Nawe ukamjibu, mbele ya Mwalimu na wale wabebaji wawili, kwamba mikono yake ni ya kubebea mbao, si ya kuzipima. Mtoto wa miaka ishirini na miwili, aliyelelewa karakanani, asiyejua mchezo mwingine zaidi ya mbao. Alikuja kuniaga na begi moja.

Ananiandikia, unajua hivyo. Haulizi hali yako. Lakini hajawahi kumaliza barua bila kuuliza, "Lile gari la bluu bado linatembea?" Gari la bluu ni la nani katika nyumba hii?

Naogopa, Fundi. Tunazeeka. Sitaki mmoja wenu aje asimame mbele ya jeneza la mwenzake anatafuta la kusema. Fika kwake. Mpime tu. Sikuombi umwambie kitu, mpime, uniletee namba.

Mkeo,
Mama watoto


Kwa Kinyozi, chumba cha nyuma ya duka
Jumatano, 11 Juni

Mama watoto,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepoa. Mimi sijambo. Nimenyolewa, nimekatwa kucha, nimepakwa mafuta, ukiniona utadhani nimetoka kuposa.

Mji huu ni wa vumbi na pikipiki. Barabara kuu wameichimba katikati wakaiacha hivyo, watu wanapita ukingoni na salamu zao wanarushiana ng'ambo. Duka la Kinyozi lina viti viwili na vioo viwili vinavyotazamana, kwa hiyo ukikaa unajiona mbele na nyuma, halafu mbele tena, na nyuma tena, mpaka mwisho wa dunia. Nimekaa pale siku tatu. Wanaume wanaingia wamenuna, wakishafungwa lile shuka shingoni wanasema kila kitu. Mmoja alisimulia ugomvi wake na mama mkwe tangu ulipoanza, na Kinyozi hakusema lolote zaidi ya "geuza kichwa kidogo." Huyu mtoto ana subira ambayo sijui kaitoa wapi. Si kwangu.

Kwenye kile kioo cha nyuma nilikiona kisogo changu. Mtu hakioni kisogo chake mara nyingi. Kina ule mzunguko wa nywele upande wa kushoto, uleule wa Kitinda. Nilikuwa nimesahau kwamba ni wangu.

Vipimo vya Kinyozi: shingo 17, bega 20, kifua 42, mkono 26. Na sasa nikuulize, mbili gani hizo unazotoa? Nimepima sawasawa. Futi nimeinyoosha, sikuilegeza, sikuibana. Mimi nimepima mbao miaka arobaini na sijawahi kukosea hata unene wa uzi. Ukitoa mbili mtoto atabanwa kwapani, na lawama itanirudia mimi.

Kinyozi naye alinivizia. Alisubiri nimelaza kichwa, povu mpaka masikioni, wembe uko kooni, ndipo akaniambia, "Baba, kutoka hapa hadi kwa Kitinda ni saa sita tu kwa gari." Nikamwambia ashike wembe wake. Akasema ameushika, ndiyo maana anaongea sasa.

Nimefikiri, sijakataa kufikiri. Lakini ninyi mnasema nifike kana kwamba mimi ndiye niliyeondoka. Nilikuwa mkali siku ile, nakubali. Kazi ilikuwa mbovu vilevile. Kabati lilizidi, kila mtu aliliona limezidi, na fundi asiyekubali kosa lake hafundishiki. Angesema "Baba, nimekosea," mambo yangeishia pale pale uani. Hakusema. Basi na mimi sina la kwenda kumwambia. Ijumaa asubuhi nageuza gari.

Mumeo,
Fundi


Nyumbani
Alhamisi, 12 Juni

Fundi,

Dereva mwenye kofia nimemsimamisha barabarani ili barua hii ikuwahi, kwa hiyo salamu nazifupisha: sijambo, nawe usiwe na jambo.

Kabla hujawasha gari, chukua ile futi yangu. Kwenye ncha nimeizungushia kitambaa cheusi nikakishona. Muombe Kinyozi wembe, fumua huo uzi, toa kitambaa, uangalie namba zinaanzia wapi. Halafu ukae chini.

Sisemi zaidi. Nikisema utabisha, na wewe ukishabisha huwa unajiamini.

Mkeo


Nyumba ya wageni, njia panda
Jumanne, 24 Juni

Mama watoto,

Umesubiri siku kumi na mbili. Muuguzi amenipigia, Kinyozi amenipigia, nikawaambia "mzima, haya," nikakata. Nisamehe kwa hilo. Ninaanza na msamaha mdogo ili mkono uzoee.

Niliifumua. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, Kinyozi akanipa wembe, nikautoa uzi wako mmoja mmoja. Chini ya kitambaa futi imekatwa. Hakuna sifuri, hakuna moja. Inaanzia mbili. Kinyozi akacheka, akasema, "Kumbe Mama huwa anaanzia mbili! Ndiyo hizo anazotoa." Mimi sikucheka. Aliniuliza kama najisikia vibaya.

Maana nilikumbuka papo hapo, kwa ukamilifu, kama mtu kanimwagia maji. Siku ya kupima kazi ya Mwalimu futi yangu ya chuma nilikuwa nimeisahau kwenye shule tuliyopeleka madawati. Mwalimu alikuwa ananingoja na mimi sipendi kungojwa. Nikapita ndani, wewe hukuwepo, nikachukua futi yako kwenye kikapu cha nyuzi. Nikaenda nayo nikapima ile kona kati ya ukuta na dirisha. Niliiweka ncha nyeusi ukutani nikasoma namba dirishani: arobaini na nane. Nikaiandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao nikampa Kitinda nikamwambia, tengeneza. Akatengeneza arobaini na nane.

Kabati likaziba ukingo wa dirisha kwa inchi mbili. Nakumbuka zilikuwa mbili kwa sababu niliweka vidole vyangu pale, mbele ya Mwalimu, nikamwonyesha mtoto: tazama, vidole viwili, huoni aibu? Sikulipima kabati. Sikuupima ukuta mara ya pili. Nilimpima mtoto kwa macho, nikashika msumeno. Mwalimu akaenda kwa fundi mwingine, kwa hiyo sikurudi kamwe kwenye kona ile.

Alisema, "Nimefuata namba yako, Baba." Alisema ukweli, na kwa ukweli huo nikamfukuza.

Ijumaa niliondoka kwa Kinyozi. Nimefika hapa njia panda, barabara moja inakuja kwako, nyingine inakwenda kwake, na gari limekataa kuchagua. Yaani mimi ndiye niliyekataa, gari ni zima. Kila asubuhi najiambia leo. Mwenye nyumba hii ya wageni ni mama mjane, mchangamfu, milango yake yote ilikuwa inakwaruza sakafu. Nimeshairanda sita. Jana aliniuliza kama nina safari au nimeajiriwa. Leo imebaki ya choo na ya stoo, baada ya hapo sina tena kisingizio.

Nina hasira na wewe pia, acha niseme. Ulinipa futi ile kwa makusudi. Ulijua? Ulijua tangu lini?

Nina haya, mke wangu. Nina umri wa miaka sitini na sita na nina haya kama mtoto aliyevunja dirisha la watu. Nikifika mlangoni kwake nisimame vipi?

Mumeo,
Fundi


Nyumbani
Alhamisi, 26 Juni

Mume wangu,

Nashukuru u hai na unafanya kazi. Nilijua kama kuna milango mibovu mahali utakuwepo hapo. Hali yangu ni nzuri, isipokuwa sijalala vizuri tangu barua yako iingie humu ndani.

Umeuliza tangu lini. Nitakujibu, na ukishasoma unaweza kukasirika utakavyo, haki yako.

Futi yangu nilikuwa nimeitafuta siku nyingi, nikadhani imeanguka kwa mteja. Siku tatu baada ya Kitinda kuondoka nilifua nguo zako. Nikaikuta kwenye mfuko wa shati lako la kazi, imekunjwa, ina vumbi la mbao. Nilisimama pale kwenye karai, mikono ina sabuni, nikaelewa kila kitu. Ncha ilikuwa imechanika mwaka mmoja kabla, nikaikata inchi mbili na kuifunga kitambaa isiendelee kufumuka. Mimi huanzia mbili bila kufikiri, kama unavyofunga vifungo bila kuviangalia. Sikuwahi kukuambia, maana futi ya kushonea ingekuhusu nini?

Nikaingia ndani nikuambie. Ulikuwa unapiga misumari kama unamuua mtu. Nikasema, nitamwambia kesho akipoa. Kesho yake nikasema keshokutwa. Kisha ikawa mwezi, na mwezi ukawa mwaka, na jambo ambalo hukulisema mwaka mzima, ukilisema linakuuliza ulikuwa wapi. Nikaogopa utanichukia mimi. Nikaogopa na Kitinda atanichukia, kwamba mama yake alijua na akaendelea kushona. Nimemwandikia barua sijui ngapi, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno hilo.

Kwa hiyo wewe una kosa la siku moja, Fundi. Mimi nina la miaka saba. Mwambie na hilo. Usinifiche.

Futi nilikupa kwa makusudi. Ningekuambia kwa mdomo, ungesema nimeota. Nilitaka mikono yako yenyewe ikuambie, maana hiyo ndiyo unayoisikiliza. Na goti langu ni zima tangu mwezi wa nne. Napanda ngazi kama kawaida. Kama ningekuja na wewe, mimi ningeongea, nyinyi wawili mngekaa kimya kila mtu upande wake, na tungerudi tulivyokwenda.

Umeuliza usimame vipi. Simama mbele yake, mwambie umetumwa vipimo na mama yake. Kipimo cha kifua hakichukuliwi kwa mbali. Mengine utayaona ukiwa pale.

Wa kwako,
Mama watoto


Kwa Kitinda
Jumatatu, 30 Juni

Mke wangu,

Natumaini hujambo, pamoja na goti lako, ambalo sasa najua kuwa ni zima kuliko langu. Mimi sijambo. Nasema hivyo kwa maana yake, si kwa desturi ya barua.

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye gari, mbele ya nyumba ya wageni. Nilikasirika mpaka yule mama alipokuja kuniletea chai dirishani. Nikaona ninywe chai kwanza. Nilipomaliza kikombe, nilijaribu kukumbuka nilikuwa mtu wa namna gani wiki ile, kama kweli ungeniambia ningefanya nini. Ningekuambia umeota. Basi hasira ikaisha, au nimeiweka mahali sikumbuki. Nikawasha gari.

Ni mji wa mwisho kabisa wa lami, baada ya hapo ni changarawe. Maduka mstari mmoja, kila duka na baraza yake, watu hawana haraka. Niliuliza fundi wa mbao yuko wapi. Nilikuwa najiandaa kuambiwa alishaacha mbao, anauza vocha au anaendesha pikipiki. Mwanamke mmoja akaniambia, "Fundi yupi? Yule wa vipimo?" Nikamwambia sijui, ni yupi huyo. Akasema, "Yule anayepima mpaka mteja unasinzia."

Karakana yake iko nyuma ya gereji. Ni safi. Patasi zimepangwa kwa ukubwa, kama nilivyomfundisha. Alikuwa na wateja watatu, mume na mke waliokuja kuchukua kitanda na mzee mmoja wa meza, pamoja na fundi mwenzake. Alikuwa ameinama, hakuniona. Nikasimama pembeni ya mlango nikamtazama akipima ubao. Alipima kwa futi ya chuma, akaandika. Akaiweka chini, akachukua nyingine, ya mbao, ya kukunja, akaupima ubao uleule, akaandika. Kisha akalinganisha namba mbili. Yule mzee wa meza akamwuliza kwa nini anajisumbua. Akasema bila kuinua kichwa, "Ndivyo nilivyojifunza, mzee."

Mama watoto, nilitaka kurudi kwenye gari. Nakuambia ukweli.

Aliinua kichwa akaniona. Akaangalia nyuma yangu barabarani, nadhani alikuwa anakutafuta wewe, akaona gari tu. Akasema, "Shikamoo, Baba." Nikaitika. Akasema, "Kumbe bado linatembea." Nikasema, linatembea. Akanipa kiti. Nikamwambia sikai, nimetumwa na mama yako nikupime, anakushonea shati. Akafuta mikono akasema twende ndani, hapa kuna watu. Nikakataa. Nilikuwa nimelifikiria hilo njia nzima. Nilimdhalilisha mbele ya watu, nisingeweza kumwomba radhi uchochoroni.

Nikamwambia asimame palepale. Nikatoa futi yako nikamwonyesha ncha yake ilivyo. Nikasema kwa sauti, yule mzee na wale wa kitanda wakisikia: "Kabati la Mwalimu nilipima mimi kwa futi hii. Inaanzia mbili. Namba niliyokupa ilikuwa mbovu, kazi yako ilikuwa sawa. Nilikata kabati zuri na nikakutukana. Mikono yako haikukosea, iliyokosea ni hii yangu. Nisamehe, mwanangu." Nikamwambia na lako, kama ulivyotaka, la shati na la karai.

Alikuwa anaitazama ile ncha ya futi. Akaishika, akapitisha kidole gumba pale ulipoikata, akarudia, akarudia. Nikaona midomo yake inacheza kama anahesabu. Nadhani alikuwa anahesabu arobaini na nane kutoa mbili. Halafu akanirudishia, akainua mikono pembeni kama mtu anayepimwa.

Nikaanza na bega, 18. Mkono, 25. Shingo, 15 na nusu. Zote nimeshatoa mbili, usitoe tena. Ikabaki kifua. Ulisema kweli, hakichukuliwi kwa mbali. Nikamzungushia futi mgongoni, na ili niikamate upande wa pili ilibidi nimshike. Ana mgongo mpana siku hizi, ananuka gundi na msasa. Nilikuwa nimeshaipata ncha, namba niliiona, 41, yaani 39 ukitoa mbili, lakini sikuachia. Naye akashusha mikono yake ikanikuta. Yule mzee wa meza alitoka nje, akasema anaangalia kama mvua itanyesha. Hakukuwa na wingu hata moja.

Nililia, kama unataka kujua. Na yeye alilia, lakini asikusikie umesema.

Mchana tulikula mimi na yeye kwenye benchi la kazi. Hatukuongea mengi. Aliniuliza habari za paka. Nilimsaidia kumalizia ile meza, na alipopima mguu wa nne alichukua futi ya chuma, akapima, akaiweka chini, mkono ukaenda kwenye ile nyingine kisha ukarudi.

Anasema ana kazi mbili za watu za kumalizia wiki hii, baada ya hapo atafunga karakana aje na mimi. Mwambie jirani akusaidie kuanika godoro la Kitinda juani, na kitambaa chako usikiweke sandukuni tena. Kalamu ananinyang'anya, anasema kuna kipimo sijakuandikia.

Mumeo,
Fundi


Mama,

Shikamoo. Huyu mzee alitaka kujipima mwenyewe, nikamkatalia. Nimempima mimi: bega 17, kifua 37, kiuno 33, mkono 23, suruali 39. Amepungua, Mama, usimkatie kwa mazoea.

Nimetumia futi yako. Nimeanzia mbili, nimeshatoa.

Nimepima mara moja tu.

Mwanao,
Kitinda